Nilichukua Tairi Mbili, Nikawaachia Gari

Asubuhi hiyo majirani walitoka nje na miswaki mdomoni wakanikuta nimepiga magoti kwenye vumbi, aproni ya jikoni bado kiunoni, naning'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote.

Nilikuwa nafungua tairi za gari. Mbili za mbele. Za nyuma sikuzigusa.

Jirani mmoja akashindwa kuvumilia. "Mama Keki, vipi tena? Umeingia kwenye wizi?"

"Nachukua nilichopewa na kikao," nikamjibu.

Akacheka, akadhani natania. Wala sikuwa natania. Nilikuwa nimeamka na hasira, hata chai sikunywa.

Nilipomaliza, gari likabaki limekaa juu ya mawe kwa mbele, na mimi nikaondoka nasukuma tairi zangu barabarani, moja mkono huu, nyingine mkono huu. Watu wanapisha. Wengine wanapiga picha. Nikawaambia pigeni tu, mkizituma mtaje na namba yangu, napika keki.

Sasa kaa nikusimulie ilikuwaje.

Mimi kazi yangu ni keki. Za harusi, za siku ya kuzaliwa, za watu kustaafu. Na wateja wangu wakubwa wote wako juu mlimani, kwenye kumbi zenye bustani. Barabara ya kwenda huko ni udongo mwekundu na mawe. Mvua ikinyesha inateleza kama sabuni. Gari la kawaida linafika katikati, linaanza kurudi kinyumenyume huku dereva anasali.

Keki ya ngazi nne huwezi kuipeleka kwa kusali.

Kwa hiyo nilijinyima, nikanunua gari linalovuta kwa miguu yote minne. Jeusi, la mtumba, limetulia. Nililinunua kwa mikono hii yenye makovu ya oveni. Lakini siku ya kuandika kadi ya umiliki nikasema liandikwe jina la mume wangu, ili naye mbele za watu aonekane ana kitu.

Jamani, mapenzi! Yanamtoa mtu akili huku anajiona mjanja.

Huyo mume nitamwita Bingwa, maana ndivyo anavyojiita mwenyewe. Hakuna jambo ambalo Bingwa halijui. Mpira anajua yeye, siasa anajua yeye, ugonjwa wako anaujua kuliko daktari wako. Kitu pekee alichokuwa hajui ni kuamka mapema akatafute kazi.

Gari ndiyo usiseme. Alikuwa analiosha, analikalia, anapiga nalo picha. Mafuta naweka mimi.

Siku tunalichukua, fundi wangu alinikalisha chini. Tunamwita Taratibu kwa jinsi anavyoongea, sentensi moja unaweza kwenda dukani ukarudi hajaimaliza.

"Dada," akasema, "gari hili usilichanganyie tairi. Zote nne saizi moja, na zilike sawasawa. Ukifunga ndefu huku na fupi huku, kuna difu hapa katikati, gia zinazogawa nguvu kati ya miguu ya mbele na ya nyuma. Hiyo difu haitapumzika. Itafanya kazi mpaka iungue."

"Fundi, tofauti yenyewe si vidole viwili tu?"

"Nikufunge mguu na mtu mwenye hatua ndefu kuliko wewe, halafu niwaambie mkimbie kutwa nzima. Utafika salama?"

Nikaelewa hapo hapo. Tangu siku hiyo tairi za gari lile nilizitunza kuliko viatu vyangu.

Bingwa alikuwepo siku hiyo, anajipiga picha kwenye kioo cha pembeni. Hakusikia hata neno.

Basi, mwaka huu Bingwa akapata mtu mwingine. Nikajua kwa sababu alianza kupiga pasi nguo zake mwenyewe. Akahama na begi moja, gari akaniachia kwa muda, eti anajipanga.

Kwenye kipindi hicho mawe ya mlimani yakanichania tairi mbili za mbele. Sikufunga zozote tu. Nilizunguka kwa wauza tairi mpaka jua likanichoma, nikapata mbili za saizi ileile, aina ileile, zimelika sawa na zile za nyuma. Muuzaji akaniambia, "Mama, unachagua tairi kama unachagua mkwe." Nikamwambia mume naye ningemchagua hivi ningekuwa mbali.

Ndipo nikaitwa kwenye kikao cha familia yao. Kugawana mali.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa Baba Mkubwa, kaka yake baba yake Bingwa. Mzee mwenye sauti nzito, koti hata wakati wa joto, na ndiye mwenye neno la mwisho kwenye ukoo ule. Pembeni yake alikaa Shangazi, dada yao, mwanamke mwembamba anayeangalia watu kwa juu ya miwani. Wengine ni wajomba na binamu waliokuja kwa ajili ya chakula.

Baba Mkubwa akaanza kugawa kama anagawa karata.

"Nyumba ni ya kupanga, haina mjadala. Vyombo vya jikoni na oveni, achukue mke. Gari lina jina la kijana wetu. Gari libaki kwetu."

Nikaweka sahani yangu chini.

"Baba Mkubwa, gari nimenunua mimi. Hapa wote mnajua. Na bila gari hilo mimi sina kazi."

Akanitazama, akatabasamu. Lile tabasamu sijalisahau mpaka leo.

"Una mtoto wa kumpakia humo?"

Mjomba mmoja akaacha kutafuna.

Watoto hatukujaliwa. Miaka yote hiyo nimezunguka hospitali mwenyewe, Bingwa akikataa kwenda kupimwa. Na mzee yule anajua. Alinipiga pale pale panapouma, mbele ya watu wanaokula.

Shangazi akasema, "Kaka, hapo umepitiliza." Baba Mkubwa akamnyamazisha kwa kiganja.

Sikulia. Nilitaka, ila niliapa moyoni kwamba yule mzee hatayaona machozi yangu.

Nikasema, "Sawa. Lakini tairi mbili za mbele nimenunua juzi, kijana wenu akiwa ameshahama kwangu. Hizo nazo ni za ukoo?"

Wakaangua kicheko. Baba Mkubwa alicheka mpaka akakohoa.

"Haya mke wetu, tairi zako mbili chukua! Zivae miguuni upande nazo huko mlimani."

Wakapasuka tena. Binamu mmoja alimwaga soda kwenye suruali. Bingwa anagonga meza kwa raha.

Nikasimama. Nikasubiri wamalize.

"Nimesikia, na nitazichukua. Ila nasema mbele yenu wote. Atakayefunga nyingine, afunge saizi ileile ya zile za nyuma. Zisipolingana, gari hili litakufa."

Bingwa akafuta machozi ya kicheko. "Mwanamke wa keki anifundishe gari mimi? Nenda kapime unga."

Jioni hiyo gari likachukuliwa likalazwa nje kwa Bingwa, na kesho yake asubuhi ndiyo nikaenda huko na spana.

Gari likakaa juu ya mawe kwa siku kadhaa, aibu tupu. Halafu Bingwa akaja na tairi zake. Wee! Tairi mbili ndefu, meno makubwa, za gari la mizigo. Rimu zilikubali, basi yeye akaona kazi imekwisha. Akazifunga mbele. Gari likanyanyua pua juu kama linanusa kitu.

Akapita nalo mtaani taratibu, kioo kimeshushwa, muziki juu. Alipofika kwangu akapiga honi mara tatu.

Nilikuwa dirishani napiga mayai. Nikatabasamu.

Usinihukumu haraka. Ningeweza kwenda kumwekea mchanga kwenye injini. Ningeweza kumfuata yule bibie wake mpya nikamvurugia nywele. Sikufanya. Niliamua kukaa kimya tu, nimuache Bingwa na ubingwa wake.

Na kukaa kimya kulikuwa kutamu. Naomba nisikudanganye. Nilikuwa nalala naifikiria ile difu katikati, inavyochemka, inavyosagika, na nilikuwa napata usingizi mzuri kuliko enzi za ndoa.

Lakini huku kazi inaniponyoka. Nikawa napeleka keki ndogo kwa pikipiki ya kukodi, sanduku mapajani, najibana na kila shimo. Oda za ngazi nne nikawa nazikataa. Kila nikikataa moja, namkumbuka Baba Mkubwa na tabasamu lake, na hasira inarudi mbichi.

Sasa kuna siku moja. Hii ndiyo sehemu ninayoifikiria zaidi.

Nilikuwa kituo cha mafuta, pikipiki inajazwa. Nikasikia mngurumo. Kugeuka hivi, naliona gari langu linaingia. Wakati linakata kona kuelekea pampu likawa linashtukashtuka, tairi zinaburuta kwenye sakafu, kule chini kuna kitu kinalia kama mtu anayesaga meno. Na harufu. Harufu ya oili inayoungua.

Taratibu alishanieleza dalili hizo. Lilikuwa linaomba msaada. Lilikuwa halijafa, ila lilikuwa limefika ukingoni.

Bingwa akanyoosha shingo dirishani. "Mama Keki! Si ulisema litakufa? Hili hapa linatembea!"

Neno moja tu lilikuwa linatosha. Zima, ita fundi, badilisha tairi leo. Lilikuja mpaka kwenye ulimi. Nakuapia, lilifika.

Nikalimeza.

"Linatembea vizuri sana," nikamwambia. "Na mlima linapanda?"

"Linapaa!"

"Basi lipandishe."

Akaondoka anacheka. Mwenye pikipiki akaniuliza mbona natabasamu peke yangu.

Haikuchukua muda. Nikiwa jikoni napamba keki ya mtu anayestaafu, simu ikaita. Taratibu. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, aliongea haraka.

"Dada, nimeitwa kuvuta lile gari. Limefia katikati ya mlima. Difu imeungua, ikafunga. Moshi mpaka watu wameruka. Na humo ndani alikuwemo yule mzee wenu wa koti."

"Nani, Baba Mkubwa?"

"Ndiye aliyekuwa anaendesha. Ametoka salama, ila koti ameliacha kwenye kichaka."

Nilikata simu, nikaweka chini mfuko wa krimu, nikacheza. Peke yangu, bila muziki. Nilicheza mpaka nikagonga kabati. Yule mzee, na koti lake, anakimbia kichakani! Sikuwa nimeota kupata yote hayo kwa mpigo mmoja.

Kwenye furaha ile sikujiuliza swali moja dogo. Kwa nini Baba Mkubwa ndiye alikuwa anaendesha?

Kesho yake nikaitwa tena kikaoni. Safari hii kama mshitakiwa.

Sebule ileile, watu walewale, ila chakula hakuna. Bingwa akasimama na kusema nimeua gari makusudi. Kwamba nilijua kutoa tairi kutaliua, nikatoa.

Shangazi akashusha miwani. "Tairi alipewa na nani?"

Wajomba wakatazamana.

"Nauliza. Siku ile hapa, tairi alipewa na nani?"

"Na kikao," binamu mmoja akajibu kwa sauti ya chini, yule wa soda.

"Na alisema nini kabla ya kutoka?"

Binamu akakuna shingo. "Alisema... wafunge saizi moja. La sivyo litakufa."

"Na wewe Bingwa ukamjibu nini?"

Bingwa akaangalia dari. Watu wakaanza kukohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Shangazi akamwambia, "Ulimwambia akapime unga. Unga kapima. Wewe je, ulipima nini?"

Nikadhani yameishia hapo, nimeshinda, naenda zangu nyumbani. Kumbe mwenye mkuki mkubwa alikuwa bado hajanyanyuka.

Baba Mkubwa akaruka kwenye kiti kama ameketi juu ya moto. Mishipa ya shingo imesimama.

"Acheni upuuzi! Hela yangu nimeitoa kabla hata ya kikao! Nimevumilia, nimesubiri maneno yapoe ndipo nilichukue, siku ya kwanza nalishika linanifia mikononi! Huyu mwanamke anilipe!"



Shangazi akasimama polepole. "Kaka. Hela gani uliitoa kabla ya kikao?"

  Mzee akamtazama Bingwa, Bingwa akatazama viatu vyake.

Hapo ndipo wote tulielewa. Bingwa alikuwa ameshamuuzia Baba Mkubwa gari langu kabla sijaitwa kugawana chochote. Yule mzee alikaa pale kwenye kiti kikubwa, akauliza kama nina mtoto wa kumpakia, akatoa hukumu juu ya gari ambalo alikuwa ameshalinunua mwenyewe. Hakuwa mwamuzi. Alikuwa mteja.

"Kwa hiyo," Shangazi akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa hasira, "ulimtukana mtoto wa watu utasa, hapa, mbele yetu, ili upate gari la bei chee?"

 Niliwahi kumwona mzee yule akikaripia mikutano mizima. Siku ile alikuwa anautafuta mlango kwa macho.

Na mimi sikunyamaza. Nilimfuata mpaka mbele yake. Nikamwambia, "Baba Mkubwa, nilikuwa nakupikia keki yako kila mwaka bure. Ile niliyokupikia mara ya mwisho ndiyo ya mwisho. Na ukinikuta njiani, usinisalimie." Wajomba wakainamisha vichwa. Hakuna aliyeniambia mpe mzee heshima yake.

Shangazi ndiye aliyekata shauri. Gari lirudishwe kwa aliyelinunua, na kadi ibadilishwe jina. Baba Mkubwa adai hela yake kwa Bingwa. Ila hela hiyo Bingwa alikuwa ameshaihamishia kwa bibie mpya, kwenye makochi na pango la nyumba. Mpaka leo wawili hao hawapeani mkono. Bibie naye nasikia amechoka kusikia neno difu.

Nilitoka pale kifua mbele. Nimeshinda, jamani. Nimeshinda mpaka nikaona barabara fupi.

Jioni hiyo hiyo gari likaletwa kwangu, limefungwa mnyororo nyuma ya lori. Shangazi alikuja nalo mwenyewe. Taratibu akaingia chini yake, akakaa huko muda mrefu.

Akatoka anajipangusa mikono. "Dada, difu imekwenda, na imeondoka na gia boksi. Lililobaki hapa ni bodi na viti."

"Haliwezi kupona?"

"Lingepona. Ungeniita hata wiki moja kabla, wakati linaanza kushtukashtuka kwenye kona, nafunga tairi nne zinazolingana, namwaga oili mpya, unaondoka nalo. Sasa hivi ni bora ununue jingine."

Nikapangusa vumbi kwenye kioo cha pembeni.

Shangazi akakaa kwenye ngazi yangu ya mlango, akavua viatu. "Mwanangu, na mimi nina kosa. Tetesi za kaka kununua gari nilishazisikia. Nilikuwa nimeshakubaliana na wajomba wawili. Tulikuwa tunamsubiri tu alihamishie kwake, tumkamate nalo uani, tukurudishie. Ndiyo maana sikukwambia, nilijua hasira zako, ungetuharibia."

 Nikakaa chini pembeni yake.

Umeelewa alichosema? Gari lilikuwa linarudi. Lilikuwa njiani kuja kwangu, zima, kwa haki, bila mimi kuinua kidole. Kilichotakiwa ni libaki hai siku chache tu. Na mtu pekee aliyekuwa anajua kwamba linakufa, na angeweza kuliokoa kwa sentensi moja pale kwenye pampu, nilikuwa mimi.

Nilikuwa namuua Bingwa kichwani kila usiku nikiwa kitandani. Kumbe naua gari langu.

Shangazi akaniuliza, "Ulijua kama limeshaanza kuumwa?"

Nikamwambia sikujua. Huo ndio uongo pekee niliousema kwenye mkasa huu wote, na nimeuandika hapa ili anipige akisoma.

Wengine mtasema nilikosea kunyamaza. Sawa, nakubali nusu. Nusu nyingine ni ya Baba Mkubwa, na ile sijaisamehe wala sina haraka. Nikilikumbuka lile koti kichakani bado nacheka peke yangu jikoni.

Lakini nikwambie kitu, wewe uliyedhulumiwa na unasubiri kwa raha kitu chako kiwafie mikononi. Chunguza kwanza kama hicho kitu umeshaacha kukihitaji. Kama bado unakihitaji, kiokoe hata kikiwa kwa adui yako. Halafu mpige yeye. Mpige kabisa, sikukatazi. Ila usipitishie ngumi kwenye mali yako.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na harusi mlimani, keki ngazi nne. Pikipiki mbili, sanduku nne, na mvua ikatukamata katikati. Nikavua viatu, nikapanda sehemu iliyobaki kwa miguu, ngazi ya juu kabisa nimeikumbatia kifuani, matope mpaka magotini. Bibi harusi alikata keki bila kujua lolote. Mimi nilikuwa nyuma ya ukumbi, naosha miguu kwenye bomba la bustani, nimemkasirikia mtu ambaye safari hii hakuwa Bingwa wala Baba Mkubwa.